Programu inayoweza kukusubiri mpaka utoke kazini

Vijana wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kule Tunguu, na wale wa Taasisi ya Karume pale Mbweni, kila tukikutana huniuliza: "Kaka, muda unaupata wapi?" Nimeajiriwa. Nasimamia mifumo ya ofisi moja hapa mjini tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na huu ni mwaka wa nne nina kampuni yangu ndogo ya programu. Muda wenyewe ni baada ya sala ya alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu, na siku mbili za wiki baada ya Isha. Ukijumlisha hazizidi saa kumi kwa wiki, na zinatosha. Lakini zinatosha kwa sababu ya aina ya kazi niliyoichagua, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Jiulize hivi kabla hujaandika mstari mmoja: mteja wangu akikwama saa nne asubuhi, na mimi nimekaa kwenye meza ya mwajiri wangu, itakuwaje?

Mimi sikujiuliza. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kupangia vyumba kwenye nyumba moja ya wageni, Mji Mkongwe. Ilifanya kazi vizuri na mwenyewe aliipenda. Tatizo ni kwamba boti ya asubuhi ikishafika Malindi, wageni wanakuja moja kwa moja na mabegi yao, na chumba kimoja kikionekana kina watu wawili, mpokeaji hawezi kuwaambia wangoje mpaka jioni. Siku moja simu iliita mara tatu nikiwa kikaoni. Nilitoka mara zote tatu. Usiku ule nilitambua kwamba mwajiri wangu namchukulia muda alioulipia, na mteja wangu vilevile namhudumia nusunusu. Nikamrudishia fedha za miezi iliyobaki, nikampa na orodha yote ya wageni wake ili aendelee na mfumo mwingine. Iliniuma sana, maana programu haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa kwangu, kumuahidi mtu kitu ambacho saa zangu haziwezi kukibeba.

Programu ya pili ilitoka sokoni Darajani. Ami mmoja mwenye duka la jumla alinionesha madaftari yake ya madeni. Wenye maduka ya shamba, yaani vijijini, huchukua mchele, sukari na unga kwa mkopo, wakishauza hurudi kulipa, mara nyingi nusu nusu. Kila baada ya Magharibi yeye na kijana wake hukaa wakajumlisha: nani kachukua, nani kalipa, kimebaki nini. Kazi ya saa mbili kila usiku, na bado hesabu zilikuwa zikipishana.

Hapo niliona tofauti. Programu ikilala mchana, biashara haisimami, kwani daftari lipo pale pale chini ya meza. Watu wanaandika kwa kalamu, usiku wanaingiza. Na wakati ambao ami anaihitaji hasa programu yangu ni wakati ambao mimi nipo nyumbani. Sikumwambia aliache daftari. Nilimsisitizia aendelee nalo, na mpaka leo namwambia hivyo kila mteja mpya.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Unguja halisahau akijenga kitu chochote kinachotumia umeme. Sisi umeme wetu unavuka bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi mzima, kisha ukaja ule mkato wa Disemba 2009 uliotuchukua mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013 na hali si ile tena, lakini aliyeyaona majenereta yale yakinguruma usiku kucha hawezi kuandika programu ya duka inayotegemea seva, yaani kompyuta kuu iliyo mbali, kwa kila risiti. Yangu inahifadhi kila kitu ndani ya kompyuta ya dukani, kwa SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja bila seva, na nakala ya akiba hutumwa kwa intaneti usiku, ikiwapo. Isipokuwapo, itatumwa kesho. D. Richard Hipp aliianza SQLite mwaka 2000 kwa sababu alitaka programu isimame yenyewe, isikwame kwa kuwa seva ya data imelala. Kwa mtu mwenye ajira faida yake ni kubwa mno: hakuna seva ya kuiamkia.

Nilisikia vijana wakinunua programu zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuzileta huku kama zilivyo. Muwe waangalifu na kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, iko Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), lakini kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya Zanzibar ina sheria yake na inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Bara wameizoea asilimia 18, na kwetu huduma na bidhaa nyingi zimekuwa kwa asilimia 15, nyingine kwa kiwango tofauti. Kwa hiyo kiwango kisiandikwe ndani ya msimbo hata mara moja. Kiwekwe kwenye jedwali, pamoja na tarehe kinapoanza kutumika, ili bajeti ikibadilisha kitu usihangaike usiku kurekebisha maduka yote, na risiti za zamani zibaki na kiwango chake cha zamani.

Sasa mkataba wa ajira. Usome wote, hasa pale panapozungumzia mali unayoibuni ukiwa mwajiriwa, na kazi za nje. Steve Wozniak alikuwa mfanyakazi wa Hewlett-Packard alipotengeneza kompyuta ya Apple I mwaka 1976, na kabla ya kuuza aliipeleka kwanza kwa mwajiri wake. Wakaikataa, naye akawa huru nayo. Nilifanya kitu kinachofanana, kwa udogo wangu: nilimuandikia mkuu wangu barua, nikaeleza natengeneza nini, namuuzia nani, na kwamba situmii laptopu ya ofisi wala intaneti ya ofisi. Alinijibu kwa maandishi. Karatasi ile ninaitunza pamoja na cheti cha usajili. Na sitaiuzia ofisi yangu chochote, hata wakiomba, maana siwezi kuwa upande wa anayenunua na wa anayeuza.

Usajili ni BPRA, wakala wa Zanzibar wa usajili wa biashara na mali. Nilianza na jina la biashara, nikageuka kampuni wateja walipofika watano, kwa sababu kwenye jina la biashara deni la biashara ni deni lako wewe mwenyewe, na mimi nina familia. Utahitaji namba ya mlipakodi na leseni. Nenda siku ya likizo yako.

Bei nilikosea mwanzo kwa kuogopa. Nilichukua malipo ya mara moja, kisha nikajikuta nahudumia bure mwaka mzima. Sasa ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na ndani yake mna ahadi iliyoandikwa wazi kwenye mkataba: ujumbe wa WhatsApp wakati wowote, jibu baada ya saa kumi jioni. Hakuna mwenye duka hata mmoja aliyekataa sharti hilo. Wafanyabiashara wanajua saa za kufunga na kufungua.

Maduka yamefika kumi na moja. La kumi na mbili ni la Chake Chake, na nimemuomba mwenyewe asubiri, kwani boti kwenda na kurudi Pemba ni siku ambazo sina. Kuna kijana wa Wawi, huko huko Pemba, anajifunza kazi. Mwezi ujao atakuja Unguja kukaa wiki moja Darajani kwa ami, aone kwa macho yake hesabu inavyofungwa baada ya Magharibi, kabla hajaigusa programu.