Elektroni Moja Kati ya Sumu na Chumvi

Chumvi tunayotia katika mboga imeundwa na elementi mbili ambazo, kila moja ikiwa peke yake, ni hatari kwa binadamu. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, nayo huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa kwa sababu ikigusa maji huweza kuwaka na hata kulipuka. Klorini ni gesi yenye sumu, iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zote mbili hubadilika tabia kwa kuhama kwa elektroni moja tu.

Elektroni 11 za sodiamu zimepangwa katika mizingo mitatu: 2, 8 na 1. Ile ya nje kabisa hushikiliwa kwa udhaifu, kwani nyingine 10 zinaikinga dhidi ya mvuto wa kiini. Klorini ina elektroni 17, yaani 2, 8 na 7, na mzingo wake wa nje una nafasi moja iliyo wazi. Elektroni ikihama, sodiamu hubaki na mpangilio kama wa neoni, gesi isiyoungana kwa urahisi na elementi nyingine, na kuwa ioni (atomi yenye chaji ya umeme) yenye chaji chanya, huku klorini ikipata mpangilio wa agoni, gesi nyingine ya aina hiyo, na kuwa ioni ya kloridi yenye chaji hasi.

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba atomi "hutaka" elektroni nane katika mzingo wake wa nje. Maelezo hayo ni rahisi kukumbuka, lakini yanaficha jambo la msingi. Kuing'oa elektroni ya sodiamu hugharimu kilojuli 496 kwa moli (kipimo cha idadi ya atomi), ilhali klorini ikiipokea hutoa kilojuli 349 tu, kwa hiyo kuhama huko peke yake ni hasara. Kinachofidia ni mvutano wa ioni zenyewe, ambapo kila ioni ya sodiamu huzungukwa na ioni sita za kloridi, na kila kloridi vivyo hivyo, hadi nishati ya takriban kilojuli 787 kwa moli inatolewa. Uthabiti, basi, ni wa fuwele nzima, na ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa joto mpaka lifike nyuzi 801 za Selsiasi.

Kloridi inaweza pia kunyang'anywa elektroni yake. Dawa ya kung'arisha nguo yenye hipokloriti, kemikali inayoweza kuinyang'anya kloridi elektroni, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, gesi ya klorini huzaliwa upya humo bafuni. Tafadhali usizichanganye kamwe. Na ikitokea, toka nje mara moja, uwatoe na watoto, kisha uache hewa ipite.