Injili ya Mafanikio Ilianzia kwenye Uponyaji

Injili ya mafanikio hufundisha kwamba Mungu humpa mwenye imani afya na mali. Waumini wengi hudhani kwamba mahubiri yake ya "kupanda mbegu" ya fedha, yaani kutoa sadaka ukitarajia Mungu akulipe zaidi, ni sehemu ya Upentekoste tangu mwanzo wake. Historia haioneshi hivyo. Wapentekoste wa kwanza wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, wengi wao walikuwa maskini waliotazamia Kristo arudi upesi, na mali hawakuipa uzito.

Mizizi yenyewe imo katika mafundisho ya uponyaji. Katika karne ya 19, Phineas Quimby, fundi saa wa jimbo la Maine, Marekani, alifundisha kwamba ugonjwa hutokana na imani potofu, hivyo mgonjwa hupona fikra zake zikirekebishwa. Mafundisho ya aina hiyo yalishamiri Boston, mji ambako mhubiri E. W. Kenyon (1867–1948) alisomea ufasaha wa kuhutubia. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani aliathiriwa nayo, maana mwenyewe aliyapinga waziwazi. Lakini alisisitiza kwamba muumini akiri kwa kinywa kuwa amekwisha kupona, hata dalili za ugonjwa zikiwa bado zipo. Mhubiri Kenneth Hagin wa Oklahoma aliyaendeleza mafundisho hayo, na watafiti waliolinganisha maandishi ya wawili hao wamekuta vifungu vinavyofanana karibu neno kwa neno. Ukiri uliohusu mwili ukaanza kuhusu pia mfuko.

Mhubiri wa Marekani Oral Roberts naye, mwaka 1947, alishikwa na 3 Yohana 1:2, ambapo mwandishi anamtakia Gayo mafanikio na afya. Hiyo ni salamu ya barua, tena ya kawaida kwa zama zile, lakini Roberts aliisoma kama ahadi kwa kila muumini. Mwaka 1954 aliwaambia watakaotoa dola 100 kwamba atawarudishia fedha zao ikiwa ndani ya mwaka mmoja Mungu hatakuwa amewalipa kwa njia wasiyoitarajia. Huduma za redio na televisheni zilihitaji fedha nyingi, na hili halipaswi kusahauliwa tunapoeleza kwa nini mafundisho ya utoaji yalikua haraka kiasi hicho.

Barani Afrika, mhubiri Benson Idahosa wa Benin City, Nijeria, aliyesoma Dallas mwaka 1971, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuyaeneza mafundisho haya. Yalisambaa zaidi katika miaka ambayo serikali nyingi zilipunguza matumizi ya huduma za jamii. Nchini Tanzania, wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za umma mwaka 1993, na mwenye kuombea afya akawa na sababu ya kuombea fedha pia.