Kabari ya Leopard 2 si pande la chuma

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti matoleo mapya ya Leopard 2, kifaru cha Ujerumani, yamevikwa chuma kinene pande zote na hakuna kombora linaloweza kuyapenya. Huambatanishwa picha ya kichwa cha kifaru, yaani sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, kilichochongoka mbele kama kabari.

Kabari hiyo, iliyoanza na toleo la 2A5 miaka ya 1990, ndiyo inayowachanganya wengi, na si ajabu, kwani kwa macho inaonekana nzito kweli. Kumbe ndani ina uwazi. Kazi yake ni kuivuruga risasi ya mzinga, ipinde au ivunjike kabla ya kuifikia deraya yenyewe iliyo nyuma yake, ambayo ni matabaka ya vitu mbalimbali.

Ukitaka kuhakiki, angalia uzito. Leopard 2A4 ina tani 55 hivi, na 2A7 imezidi 60. Maus, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia kilichojazwa chuma kinene kila upande, kilifika tani 188 na kilitambaa kwa shida. Ndiyo maana wabunifu wa leo huweka kinga nzito mbele. Paa na nyuma hubaki pembamba, na huko ndiko droni hulenga.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Usisambaze pia ule wa kinyume, kwamba kifaru kikiungua basi hakifai kitu: risasi zilizo kichwani mwa Leopard 2 zimetengwa mbali na askari waliomo ndani, ili zikilipuka moto utokee nje.