Kompyuta imezimwa, mbona taa za modemu zinacheza?

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, huchomoa modemu kila usiku. Akiona taa zinapepesa ilhali kompyuta imezimwa, anaamini kuna mtu anamwibia bando. Sivyo.

Modemu ni kifaa kinachojitegemea. Maadamu ina umeme, huendelea kuwasiliana na mitambo ya kampuni ya intaneti, kompyuta iwake isiwake. Kwa modemu za kebo, laini moja huhudumia nyumba nyingi, mtambo hutangaza kwa wote, "nani ana anwani hii?", na taa ya shughuli hupepesa hata swali likiwa la nyumba ya pili. Taa ya waya wa kompyuta nayo yaweza kubaki inawaka, kwa kuwa kadi ya mtandao ya kompyuta nyingi hupata umeme kidogo hata ikizimwa, mradi haijachomolewa ukutani.

Wezi wa Wi-Fi wapo, sikatai. Lakini usiwatafute kwenye taa: fungua mipangilio ya ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi), utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara nyingi mwizi ni simu ya mwanao, inapakua masasisho kimyakimya.

Na kama hofu ni Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, modemu ya wati 10 ikikesha saa 24 hula takriban robo ya uniti.