Hela yako mwenyewe nayo inaripotiwa

Kauli hii imezidi: "Natumia hela yangu, sijachangiwa na mtu, fomu za nini?" Mgombea wa Bunge la Jimbo la California anayeanza hivyo anajitafutia faini kabla hajabandika bango la kwanza.

Huku California, hela ya mgombea ikiingia kwenye kampeni yake ni mchango kama wa mtu mwingine yeyote. Fomu 501, ya kutangaza nia ya kugombea, inatangulia, kisha akaunti ya kampeni kwenye benki iliyo ndani ya California. Hela unaiweka humo kwanza, ndipo unalipa. Ukimlipa mchapaji wa vipeperushi dola 2,500 moja kwa moja kutoka akaunti yako binafsi, umeshakosea, hata risiti iwe safi namna gani. Vinavyoruhusiwa kutoka mfukoni ni ada ya kugombea na ada ya maelezo ya mgombea kwenye kitabu cha wapiga kura. Hivyo viwili havihesabiwi kwenye kiwango cha dola 2,000. Vingine vyote vinahesabiwa, na ukifikisha 2,000 ndani ya mwaka wa kalenda kisheria umeshakuwa kamati ya kampeni: Fomu 410 ya kuisajili ndani ya siku 10, halafu Fomu 460, ripoti ya mapato na matumizi, kila kipindi cha ripoti.

Amua mapema kama unachangia au unakopesha. Kwenye 460, mchango unaingia Jedwali A, mkopo Jedwali B. Wengi hulikumbuka hili kampeni ikishaisha, wakitaka kurudishiwa.

Wanakoumia hasa ni siku 90 za mwisho kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa mchujo wa Juni 2, 2026, zinaanza Machi 4. Dola 1,000 au zaidi kutoka chanzo kimoja zinadai Fomu 497, ripoti ya haraka ya mchango mkubwa, ndani ya saa 24, na hiyo ni jumla: ukiweka 600 Jumatatu na 400 Alhamisi, saa zinaanza kuhesabiwa Alhamisi. Wewe mwenyewe ni chanzo kimoja. Hundi ya mtu mwingine imepokelewa siku ilipofika mkononi mwako au mwa wakala wako. Tarehe ya benki haikuokoi. Na hela hiyohiyo itaandikwa tena kwenye 460.

Tarehe za 460 kabla ya mchujo huo: Aprili 23 (hesabu hadi Aprili 18) na Mei 21 (hadi Mei 16). Za nusu mwaka ni Januari 31 na Julai 31. Kuchelewa ni dola 10 kwa siku, na FPPC, tume ya California inayosimamia sheria za fedha za kampeni, inaweza kutoza hadi 5,000 kwa kosa moja.

Michango ya vitu ndiyo yenye utata wa kweli. Sheria inataka bei ya soko, lakini ukumbi wa rafiki uliokaa tupu Jumanne una bei gani? Wahasibu wawili waaminifu wataandika tarakimu mbili tofauti. Omba kwa maandishi bei ambayo mteja mwingine angetozwa siku hiyo, uitunze.

Ukishindwa, kamati haifi yenyewe. Ada ya dola 50 kwa mwaka inaendelea, na 460 pia, hata kama haijaingia senti, mpaka umalize madeni na salio, kisha uifunge kwa Fomu 410.