Mtoto wa Miaka 14 Hayumo Kwenye Bajeti

Tangu Julai 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 nchini Kenya hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Zamani mpaka huo ulikuwa miaka 8. Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka huo ilipiga hatua kubwa, na sisi tunaofanya utafiti kuhusu watoto na mahakama tuliipokea kwa furaha. Aliye na miaka 12 au 13 naye huchukuliwa kuwa bado hawezi kutofautisha jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi kuwa anaweza.

Sasa tazama upande wa pesa. Hazina ya Vijana, iliyoanzishwa mwaka 2006, hukopesha kuanzia miaka 18. Hazina ya Uwezo, inayokopesha vikundi vya wanawake na vijana, vivyo hivyo. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwalipa vijana wasafishe mitaa, uliozinduliwa mwaka 2020 wakati korona imekausha vibarua mjini, uliandika watu wa miaka 18 hadi 35. Mpango wa NYOTA, wa serikali wa kuwapa vijana mafunzo na mtaji, nao unaanzia 18. Kila mlango unaulizia kitambulisho cha taifa. Kijana wa Kayole, Nairobi, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 anaweza kusimamishwa mbele ya hakimu, lakini hakuweza kukabidhiwa hata ufagio wa Kazi Mtaani.

Serikali imeshakubali kwamba kumzuia kijana asiingie kwenye uhalifu ni wajibu wake, na inatenga fedha kwa ajili hiyo. Shida ni kwamba fedha hizo zinamfikia akiwa amechelewa.

Utafiti wa uhalifu katika nchi nyingi unaonyesha mkondo mmoja. Makosa huanza kuongezeka mtoto anapobalehe, hufikia kilele miaka ya mwisho ya ujana, halafu hushuka mtu anapovuka 20. Wengi huacha wenyewe, bila polisi wala mahakama. Wachache ndio huendelea, na hao wachache ndio hutuumiza sana. Mwaka 1972 mtafiti wa uhalifu Marvin Wolfgang na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani. Waliokuwa na makosa matano au zaidi katika rekodi za polisi hawakufika asilimia 7 ya wavulana wote, lakini walibeba zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikwa.

Philadelphia si Dandora. Hata hivyo hesabu ile inatufundisha jambo ambalo mwalimu yeyote wa Huruma au Korogocho atakuthibitishia: kundi lililo hatarini hasa ni dogo, na watu wa mtaani huwaona watoto hao mapema. Ni wale wanaoanza kwa kukosa shule Jumatatu, kisha wiki, kisha muhula.

Tuufuate mkondo wenyewe. Mvulana anatumwa nyumbani kwa sababu ya karo au pesa za mtihani. Mama anafua nguo za watu Buruburu, pesa hazijapatikana, siku zinapita. Mtoto anaona aibu kurudi darasani akiwa nyuma ya wenzake. Anaanza kuokota plastiki na vyuma chakavu, au kubebea watu mizigo Gikomba, au kuitia matatu abiria stejini. Hakuna uhalifu hapo. Hapo kuna mtoto anayetafuta chakula cha mchana. Lakini ana pesa kidogo mfukoni, hana mtu mzima anayejua yuko wapi saa tisa alasiri, na maskani, kijiwe cha vijana mtaani, ina kaka wakubwa wanaomjua kwa jina. Wanamtuma. Leo ni sigara, kesho ni kifurushi ambacho haambiwi kina nini, keshokutwa ni kusimama kwenye kona na kupiga mbinja askari wakitokea. Siku atakapompiga mtu ngeta, yaani kumkaba shingo amwibie, au kunyakua simu kwenye dirisha la matatu, sisi tutasema uhalifu umeanza. Ulianza siku alipotumwa nyumbani.

Kwa hiyo nikisema programu za kinga, sina maana ya semina ya siku moja ukumbini, fulana zikagawiwa na picha zikapigwa. Nina maana ya huduma inayoziba tundu moja mahususi kwenye mkondo huo, na inayodumu.

Chakula ni kinga. Mpango wa Dishi na County ulioanzishwa Nairobi mwaka 2023 unampa mwanafunzi chakula cha mchana ambacho mzazi anachangia shilingi 5 tu, mtoto akilipa kwa kugusisha bangili yake ya kielektroniki. Mpango huu haukubuniwa kama mradi wa usalama, lakini unamwondolea mtoto sababu ya kutoka shuleni saa sita kwenda kutafuta kitu cha kula. Kasoro yake naiona kwenye ramani: ulipangwa kwa ajili ya shule za umma na vituo vya chekechea vya kaunti, ilhali watoto wengi wa Mathare na Mukuru husoma katika shule za mtaani za karo nafuu, zile tunazoziita APBET, kwa sababu shule za umma huko ni chache. Penye hatari kubwa zaidi ndipo sahani inapokosekana.

Pesa zinazofika nyumbani pia ni kinga. Mpango wa kuwasaidia yatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa uko chini ya Inua Jamii, ulijengwa juu ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Watafiti waliolinganisha kaya zilizopokea na zisizopokea waliona kwamba vijana wa kaya zilizopokea walikuwa na dalili chache za sonona, na walichelewa kuanza ngono. Utafiti huo haukupima wizi. Lakini kijana asiyekata tamaa ni mgumu kununuliwa kwa shilingi 200 na kaka wa maskani.

Halafu kuna utafiti ambao ningependa kila diwani wa Nairobi ausome, kwa sababu ulifanyika kwetu Afrika. Monrovia, Liberia, watafiti Chris Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliwachukua wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, mihadarati na vurugu. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa ushauri wa kundi kwa wiki nane, wengine ruzuku ya dola 200 za Marekani, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Ushauri wenyewe haukuwa mahubiri. Walifundishwa kusimama kabla ya kujibu hasira, kupanga wiki yao, kujitunza mwili na mavazi, kisha wakapewa mazoezi ya kwenda benki au dukani na kuzungumza na watu kama raia wengine. Waliowafundisha wengi wao walikuwa watu waliowahi kupita njia hiyohiyo, wakabadilika.

Matokeo yake yanahitaji kusomwa taratibu. Waliopewa pesa peke yake walinufaika kwa muda, kisha nafuu ikayeyuka. Waliopewa ushauri peke yake walipunguza makosa, lakini baada ya mwaka tofauti ilififia. Waliopata vyote viwili ndio walioendelea kubadilika, na watafiti waliporudi baada ya miaka 10 waliwakuta makosa na vurugu zao ziko chini kwa takriban nusu wakilinganishwa na wasiopewa kitu.

Wale walikuwa watu wazima, na mimi nazungumzia watoto wa miaka 14. Lakini mafunzo ya aina hiyohiyo yamejaribiwa kwa wavulana wa shule za sekondari Chicago, katika mpango uitwao Becoming a Man, ambapo kundi dogo hukutana na mshauri mara moja kwa wiki shuleni. Wakati wa mpango, kukamatwa kwa makosa ya vurugu kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50. Mji huohuo mwaka 2012 uliwapa vijana wa shule kazi za likizo, saa 25 kwa wiki kwa wiki nane, pamoja na mtu mzima wa kuwaongoza. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwa makosa ya vurugu kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa wenzao waliokosa nafasi. Athari kubwa ilionekana baada ya kazi kwisha, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa suala la kumshughulisha kijana tu ili asipate nafasi ya kukosea.

Yapo pia yasiyofaa, na haya tunayapenda mno. Mzazi aliyechoka humwomba askari amfungie mwanawe seli usiku mmoja, aonje. Marekani walifanya hivyo kwa mpango maalumu kuanzia miaka ya 1970, wakawapeleka watoto gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa maisha. Mipango ya aina hiyo ilipopimwa kwa majaribio ya kulinganisha, watoto waliopelekwa walifanya makosa mengi zaidi kuliko wasiopelekwa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mahakama yenyewe: mapitio ya majaribio 29 yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuona kwamba kumfikisha mtoto kortini kunapunguza makosa yake ya baadaye, na yaliona dalili kwamba kunaweza kuyaongeza. Nairobi na viungani mwake tuna shule za marekebisho za Getathuru, Kabete na Dagoretti, na kuna maafisa wanaojitoa kwa moyo humo. Lakini kumkusanya mtoto wa kosa dogo pamoja na waliobobea ni kumtafutia walimu wapya.

Sheria ya 2022 inalijua hilo. Inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe kwenye mkondo wa mahakama: mtoto akiri kwa hiari, aombe radhi, arudishe au afidie alichochukua, awekwe chini ya uangalizi, ahudhurie ushauri. Utaratibu mzuri kabisa. Lakini ushauri huo ahudhurie wapi? Afisa wa watoto akiwa na wadi kadhaa na hana hata nauli ya kumfuata mtoto nyumbani, agizo linabaki kwenye faili.

Ningepewa nafasi ya kupanga, ningeanza na vyuo vya ufundi vya kaunti, kwa sababu vinaweza kumpokea kijana asiyemaliza sekondari. Useremala, uchomeleaji, ususi, ufundi wa magari: mafunzo yapo, ila mwanafunzi anahitaji chakula cha mchana, vifaa, na mshauri wa kumshika wiki ya tatu anapotaka kuacha. Mafunzo, posho ndogo na mshauri viende pamoja, kama Monrovia. Kisha ningetazama pesa za elimu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, lakini pesa hizo humfuata aliye darasani. Akiacha shule, zinakoma. Sioni kwa nini sehemu yake isimfuate mtoto huyo hadi chuo cha ufundi au kituo cha kumrudisha masomoni. Hili ni la haraka sasa, maana kundi la kwanza la mtaala mpya limevuka kutoka Gredi ya 9 kwenda Gredi ya 10 Januari 2026, na kila kivuko cha namna hiyo hudondosha watoto.

Wakazi wana nafasi ya kusema. Kaunti hupeleka taarifa ya mkakati wa fedha kwenye bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo umma lazima usikilizwe. Watu wengi huenda kwenye mikutano hiyo kuuliza kuhusu barabara na taa, na ni haki yao. Ukienda, uliza pia haya: katika wadi yetu, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mtoto wa miaka 12 hadi 17 asiye shuleni? Nani anahesabu walioacha shule, na orodha hiyo inapelekwa kwa nani? Mradi wa mwaka jana ulipimwaje? Usikubali jibu la idadi ya waliohudhuria. Omba kujua wangapi walirudi shuleni na wangapi walikamatwa tena.

Na ukimwona mtoto ameanza kutumwa na wakubwa mtaani kwako, piga simu 116, nambari ya watoto isiyolipishwa, au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Fanya hivyo kabla jina lake halijaandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni, kwa maana likishaandikwa, njia za kumsaidia zinapungua na gharama yake inaongezeka.