Vigae chakavu vya lami havijafa

Wengi huamini kwamba kigae cha lami cha kuezekea paa kikishachakaa juani, lami yake imekwisha na kinafaa kutupwa tu. Si kweli: huweza kusagwa na kutiwa katika mchanganyiko wa lami ya barabara. Lami hubaki, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 35 ya uzito wa kigae. Kigae kikuukuu huweza hata kukizidi kipya kwa kiwango hicho, kwa sababu chembe za mawe za juu zimepukutika.

Kilichobadilika ni ugumu. Jua na hewa huikausha lami, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea: wakizidisha vigae, barabara hupasuka mapema, hasa penye baridi. Kwa kawaida vigae havizidi asilimia 5 ya uzito wa mchanganyiko, tena kwa kuongeza lami laini zaidi.

Kwanza vipimwe asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), maana baadhi ya vigae vya zamani vinayo. Misumari hutolewa kwa sumaku, kisha vigae husagwa hadi chini ya milimita 12.5, vikiwa laini zaidi, lami huyeyuka vizuri. Maji ya kupoza mashine yasizidi, kwani unyevu hula mafuta ya kukaushia. Rundo likigandamana kwa joto, changanyeni na mchanga.